Wimbo wa Chai Nilioukana

Katika mambo yote niliyofanya nikiwa kijana ili nionekane mtu wa maana, hili la wimbo wa chai ndilo linalonikera zaidi, na linanikera kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, miaka ya sabini ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Mchana nilifanya kazi katika duka la baiskeli la Mhindi mmoja pale Kisumu: kunyoosha ringi, kubadilisha spoki, kuziba pancha. Jioni nilikuwa mpiga gitaa la ridhimu katika bendi ya vijana wanne. Tulifanyia mazoezi nyuma ya nyumba aliyopanga mpiga solo wetu huko Nyalenda, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na amplifaya, na kwa sababu hiyo hiyo yeye ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho katika kila jambo.

Mpiga solo alituzidi umri kwa miaka mitatu au minne. Alikuwa amekaa Nairobi, akarudi na suruali mbili za bugaluu na mazoea ya kufumba macho anaposikiliza santuri. Alipenda rumba ya Kongo, na katika benga alichagua ile ngumu tu, ambayo vidole hukimbizana mpaka mtu ajiulize mkono ni mmoja au miwili. Akisikia muziki mwingine wowote alikunja uso kama mtu aliyekanyaga kitu njiani. Mpiga besi, kijana Mluhya kutoka Vihiga, na mpiga ngoma, ambaye mama yake alitoka Murang'a kuja kuuza viazi sokoni, walimwogopa kidogo. Mimi nilimwogopa zaidi yao wote, maana nilitaka siku moja anisifu.

Mwaka huo redio ikaanza kupiga wimbo wa chai. Ulikuwa wimbo mwepesi, mishiko mitatu ya gitaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwanamke anamwita mumewe: chai imechemka, wewe uko wapi, chai imechemka, kikombe kiko hapa. Halafu mtu anapiga mluzi, na mluzi huo ndio uliokuwa ukiingia kichwani na kukataa kutoka. Watoto wa shule waliuimba wakirukaruka kamba. Wanawake waliuimba kwenye mabomba ya maji. Tajiri wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba hata wimbo wa kwao, alikuwa akiugonga kwa vidole kwenye kaunta.

Niliupenda. Niseme wazi, maana wakati ule sikusema. Niliupenda tangu siku ya kwanza, na kila ulipopigwa nilisikia mwili wangu ukilegea kana kwamba mtu amenitua mzigo. Niliporudi chumbani kwangu niliutafuta kwenye gitaa na kuupata mara moja, kisha nikaupiga polepole, dirisha likiwa limefungwa.

Dirisha nililifunga kwa sababu ya yaliyompata mpiga besi. Jioni moja kwenye mazoezi, alipokuwa akikaza nyuzi zake, alipiga ule mluzi bila kujua. Mpiga solo aliweka gitaa chini.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo unapiga na mdomo."

Mpiga besi akajifuta mdomo.

"Hiyo ni wimbo ya mayaya, bwana," mpiga solo akasema. "Kama unataka kupigia mayaya, enda upige. Hapa tunafanya muziki."

Tukacheka, mimi nikicheka kuliko wote. Kwa mwezi mzima tulimwita mpiga besi Chai. Alikuwa mtu mpole, lakini niliona alivyoanza kuchelewa kufika mazoezini.

Siku moja mchana yalitaka kunipata mimi. Nilikuwa dukani nimeinama juu ya gurudumu, nikiuimba kwa sauti ndogo huku nikikaza spoki, nikahisi mtu amesimama mlangoni. Nikainua macho, nikamwona mpiga solo, amekuja kutafuta cheni. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikapandisha sauti, nikaifanya ya puani, nikakodoa macho na kutikisa kiuno kama kichekesho, nikauimba tena ule mstari wa kikombe. Mpiga solo akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Wewe ni mshenzi sana," akaniambia, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Toka siku hiyo nilipata kazi mpya katika bendi. Tukichoka, mpiga solo angesema, "Hebu tupe chai," nami ningesimama na kuuimba kwa sauti ya puani, kiuno kikienda huku na huku, wao wakifa kwa kicheko. Nilijidanganya kwamba nimepata njia. Angalau nauimba, nilijiambia. Lakini kila nilipomaliza nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Nyumbani kwetu ni Asembo Bay. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la nne, na dada yangu, aliyekuwa darasa la saba, akaacha shule ili atulee mimi na baba. Yeye ndiye aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu zilizotandazwa ufukweni, akizigeuza kwa mkono jua likiwa utosini, na omena hizo ndizo zilizonisomesha. Alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa alipokuwa akiimba. Baba alikuwa na redio ya betri nne, na betri zilipochoka dada alizianika juani pamoja na samaki ili zipate nguvu kidogo, kwa sababu hakutaka kipindi cha mchana kimpite.

Nilikuwa nikienda nyumbani mara moja kwa mwezi. Niliporudi mwezi mmoja, nilimkuta akiuimba wimbo wa chai na shangazi zetu wawili, tena ameutungia maneno yake mwenyewe kwa Dholuo, kuhusu mvuvi anayekawia ziwani uji ukipoa. Nilichukua gitaa, nikawapigia. Hapakuwa na mtu wa mjini. Niliupiga kama ulivyotaka kupigwa, na nilipofika kwenye mluzi dada yangu aliacha omena, akasimama katikati ya nyavu akapiga mluzi yeye, mikono kiunoni. Shangazi mmoja akasema mwanamke hapigi mluzi. Dada akaendelea kupiga.

Tulifanya hivyo kila nilipokwenda, kama miezi sita hivi. Nadhani katika maisha yangu yote ya muziki sijapiga vizuri kuliko pale.

Kisha akachumbiwa na fundi mwashi wa Kisian. Baba akakubali, mahari yakazungumzwa, siku ya kanisani ikapangwa. Dada akaniambia tukiwa tumekaa nje, "Owadwa, si utakuja na bendi yako?" Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, ndugu yangu kwa Dholuo.

"Nitakuja nao."

"Basi mtapiga ile ya chai. Nataka nicheze hiyo na bwana yangu. Nimeshamwambia."

"Tutaona," nikasema.

"Tutaona nini?"

"Tutapiga, nyaminwa," nikamjibu, yaani dada yangu.

Nilikuwa na wiki tano za kumwambia mpiga solo. Kila jioni nilikwenda Nyalenda nikiwa nimepanga maneno, na kila jioni nilirudi nayo. Mara mbili nilianza kabisa. Mara ya kwanza nilisema, "Huko nyumbani wanapenda nyimbo nyepesi," naye akajibu, "Ndiyo maana tunawapelekea muziki." Mara ya pili nilisema dada yangu ana wimbo anaoutaka. Akauliza upi. Nikataja mwingine.

Siku ya harusi tulifika Asembo Bay katika pikapu ya kuazima, na vyombo vyetu na betri mbili za gari za kuendesha amplifaya. Watu walitoka kanisani saa saba, wakaja nyumbani kwa baba kula. Jamaa wa bwana harusi walikuwa wamekaa chini ya turubai upande wa kulia, wamevaa makoti katika joto lile, na mama mkwe wa dada yangu alikuwa mbele yao na kitambaa cha kujipepea. Tukapiga rumba tatu, watu wakacheza. Tukapiga benga mbili ngumu. Mpiga solo alifumba macho na kwenda mbali sana na vidole vyake, watu wakaacha kucheza wakawa wanamtazama tu, kitu ambacho alikipenda.

Dada yangu akaja mbele ya bendi. Alikuwa na gauni jeupe lililoazimwa kwa mke wa mchungaji, limebanwa kwa pini mgongoni. Hakunitazama mimi, alimtazama mpiga solo, kwa heshima, kama mtu anayezungumza na mgeni.

"Bwana, tunaomba ile ya chai."

Mpiga solo akageuka kunitazama. Alikuwa tayari anatabasamu. "Tunaijua hiyo?"

Dada naye sasa akanitazama. Walisubiri wote wawili. Nyuma yake nilimwona bwana harusi amesimama, amefunga kifungo cha koti, tayari kucheza.

"Hatuijui," nikasema.

Dada hakubadilisha uso. "Sawa," akasema, akageuka.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini shangazi zangu walikuwa wamesikia, na wao hawakuelewa vipi nisiujue wimbo niliowapigia kwa miezi sita. Wakaanza kuuimba wenyewe, wakipiga makofi. Wanawake wengine wakadakia. Mpiga solo akatazama umati, akaona umemtoka mikononi, akainama sikioni kwangu.

"Sawa, wape chai yao," akasema. "Fanya ile yako."

Nilijua anamaanisha nini. Akaanza yeye, haraka mno, gitaa likilia kama mbuzi. Mpiga ngoma akaongeza vishindo vya mchezo wa sarakasi. Mpiga besi alikuwa akitazama chini. Nami nikasogea kwenye maikrofoni, nikatoa ile sauti ya puani, nikakodoa macho, nikatikisa kiuno.

Mwanzoni watu walishangilia, kwa kuwa walisikia maneno wanayoyajua. Dada alimshika bwana yake mkono, wakaingia katikati, wakajaribu kucheza, lakini mwendo ulikuwa unawapita. Walikanyagana. Vijana waliosimama nyuma wakaanza kucheka, kisha na wageni wa Kisian wakacheka, wasijue wanacheka nini. Nilifika kwenye mluzi nikaupiga vibaya makusudi, ukatoka kama mlio wa birika. Dada yangu akasimama. Alinitazama kitambo, si kwa hasira, kama mtu anayehakikisha kama aliyemwona ndiye. Kisha akaanza kucheza tena, taratibu, kwa mwendo wake mwenyewe, akamwongoza bwana yake mpaka wimbo ukaisha. Akapiga makofi kutushukuru.

Kwenye pikapu tukirudi mpiga solo alinipiga begani. "Leo ulituokoa," akasema. Ndiyo sifa niliyokuwa nimeingoja miaka miwili. Tukafika Kisian, ambako dada yangu angekuwa akiishi. Hapo mpiga besi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yule bibi harusi si ni dada yako?" Nikamwambia ndiye. Akageukia nje.

Wiki tatu baadaye nikaomba ruhusa ya Jumamosi mchana, nikafunga gitaa mgongoni, nikapanda baiskeli kwenda Kisian. Siku hiyo ilikuwa ya soko Otonglo, na njia ilikuwa imejaa watu na mbuzi. Nilikuwa nimeamua: nitampigia wimbo wake, wote, na mluzi wake, mbele ya wakwe zake, na nitaomba radhi.

Nilipokewa kama shemeji anavyopokewa. Nikakalishwa katika nyumba ya mama mkwe, nikachinjiwa kuku. Dada aliingia na kutoka akileta maji ya kunawa, akileta kuon, ndio ugali, akileta mboga, akaniuliza habari za baba, nikajibu. Mama mkwe akaona gitaa.

"Mwanangu, tupigie ya kanisa," akasema.

Nikapiga ya kanisa. Akaomba nyingine. Nikapiga nne. Majirani wakaja, nao wakaomba za kanisa, na kila nilipotaka kuanza ya chai nilimwona yule mama amefumba macho kwa ibada, nikashindwa. Saa kumi na moja nikaaga nikiwa nimepiga nyimbo za kanisa tisa.

Dada akanisindikiza hadi barabarani. Nikasimamisha baiskeli.

"Nilikuja kukupigia ile ya chai," nikamwambia.

"Si mlipiga."

"Ile haikuwa yenyewe."

"Ilikuwa yenyewe. Watu wote waliisikia." Akatoa majani yaliyonasa kwenye kitambaa nilichofungia gitaa. "Mama hapa aliniuliza kwa nini ndugu yangu alikuwa ananicheka siku ya harusi. Nikamwambia ni mtindo ya mjini, ndivyo wanapiga huko. Sasa yeye anafikiri mjini watu wote wako hivyo."

"Nilikuwa nimeogopa wenzangu."

"Niliona."

Nikalifungua gitaa palepale, kando ya lami. Nikaanza. Nilikuwa nimefika mstari wa pili, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea kidogo, nikaona vijana watatu wanakuja kutoka upande wa Busia, wamevaa bugaluu, mmoja ana redio begani. Sikuwajua. Hawakunijua. Hata leo siwezi kueleza kilichonipata. Mkono wangu ukalegea juu ya nyuzi, sauti ikashuka, ikawa kama ninajisemea, kisha ikakoma. Nikajifanya ninakaza uzi. Vijana wakapita, wakasalimu, wakaenda.

Nilipoinua macho dada alikuwa anatazama njia ya kurudi nyumbani kwake.

"Enda, owadwa," akasema. "Jua linakwenda, na baiskeli yako haina taa."

Nilipiga pedali mpaka Kisumu nikijitukana kwa lugha zote ninazozijua. Sikwenda chumbani kwangu. Nilikwenda moja kwa moja Nyalenda, nikawakuta wote watatu wamekaa nje wakinywa soda.

"Nataka kusema kitu," nikawaambia nikiwa bado nimeshika baiskeli. "Ile wimbo ya chai mimi naipenda."

Mpiga solo akapasuka kwa kicheko.

"Sifanyi mchezo. Naipenda. Nimeipenda tangu mwanzo."

"Angalia uso yake," mpiga solo akamwambia mpiga ngoma, akijifuta machozi. "Angalia vile ameweka uso."

Nikatoa gitaa. Nikaupiga wote, polepole, kwa sauti yangu ya kweli, kama nilivyokuwa nikiupiga ufukweni. Nilipiga mluzi bila kukosea. Nilipomaliza, mpiga solo alikuwa amelala chini kwa kicheko, ameshika tumbo.

"Hiyo ndiyo kali kuliko zote," akasema alipopata pumzi. "Hiyo ya kujifanya unapenda. Usibadilishe kitu."

Nilijaribu tena kumweleza, kesho yake na wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeufanyia wimbo ule mzaha kwa muda mrefu hivi kwamba hapakuwa tena na uso wala sauti ambayo ningeweza kuitumia akaniamini. Mpiga besi peke yake ndiye aliyenijia siku moja dukani, akaegemea kaunta, akasema, "Mimi nilijua." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema, "Wewe ulisema nini siku wananiita Chai?" Mwezi uliofuata aliiacha bendi, akaenda kupigia kwaya kanisani, na sisi wengine tukadumu kama mwaka hivi mpaka mpiga solo aliporudi Nairobi na amplifaya yake.

Wimbo wa chai wenyewe haukudumu hata hivyo. Redio iliupiga mpaka ikauchosha, zikaja nyingine. Niliitafuta santuri yake katika maduka ya Kisumu nikaambiwa zimeisha. Nikaipata baada ya muda mrefu kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake ahame, na nilipompelekea dada yangu Kisian akanikumbusha kwamba hawana cha kuipigia.

Wakati huo alikuwa na watoto wawili, wa pili bado mgongoni. Alikuwa amekaa nje anachambua mboga, redio mpya ya bwana yake kando yake. Nikamwambia nina gitaa, nitampigia mwenyewe.

"Ile ya chai?" akasema. "Ile nilishaichoka. Siku hizi kuna ingine, ya mwanamke na cherehani. Unaijua?"

Sikuijua. Akaniimbia. Ilikuwa nyepesi kuliko hata ile ya chai, maneno matano yanazunguka, halafu mtu anaiga mlio wa cherehani kwa ulimi. Aliuiga vizuri sana, kichwa amekiinamisha, na mtoto mgongoni akacheka. Nikaanza kutafuta mishiko. Nilidhani nitaipata mara moja, lakini kulikuwa na mahali katikati ambapo sauti inapinda, na kila nilipofika hapo vidole vyangu viliangukia pengine.

"Siyo hivyo," akasema.

Nikajaribu tena.

"Siyo hivyo. Sikiliza." Akaimba. Nikajaribu. Akatikisa kichwa. Tulifanya hivyo mara nane au tisa, jasho likinitoka, mpaka akachoka kunisubiri, akarudi kwenye mboga zake na kuendelea kuimba peke yake, nami niko nyuma yake natafuta.